Jalada la Kaki

"Mama, jalada liko wapi?" mgeni aliniuliza mbele ya genge langu, Majengo, watu wamejaa. Nikamjibu kwa maringo, "Si hilo umelishika!" Akafunua ile kaki, akashika kichwa.

Naandika sijatulia hata sasa. Miaka yote nimenunua vitabu vya katuni vya zamani kwa wauza karanga, kabla hawajavichana karatasi za kufungia karanga. Mwalimu Haule, jirani yangu, ndiye aliyeniletea habari: "Dada, mgeni anakusanya katuni. Daraja la kwanza kwake ni zenye majalada. Nyingine hazitazami." Nikaanza kuota bati juu ya nyumba yangu.

Mimi niliishia la nne. Shuleni kwetu jalada lilikuwa kaki, na asiye nalo alichapwa. Basi nikabandua zile karatasi za mbele za rangi, zilizochakaa, nikawashia jiko. Nikavivika vyote kaki kwa gundi ya uji wa muhogo. Haule akanikuta nabandua, akasema, "Hapo sasa, dada, daraja la kwanza!"

Mgeni ameondoka mikono mitupu. Mtaa mzima unaniita Mama Kaki, na Haule ndiye anayecheka zaidi. Mwalimu, uliniona nabandua. Kwa nini hukunizuia? Nijibu hapa hapa gazetini, wasomaji wasikie.