Mgonjwa wa Mbali

Daktari aliyeniambia nitembee alikuwa kijana, umri wa wajukuu zangu, na alilisema kama jambo jepesi. Sukari ilikuwa juu, presha juu, na magoti yangu yalikuwa yameganda kwa miaka ya kukaa kwenye cherehani nikishonea watu nguo za harusi. "Bibi, kila siku baada ya Alasiri, tembea. Si lazima uwe na pa kwenda. Tembea tu." Hapo nikajua huyu si mtu wa Pemba.

Kwetu hakuna kutembea tu. Mtu mzima akionekana njiani anakwenda shamba, au dukani, au mazikoni. Mimi siku ya kwanza nilivaa buibui langu, nikashika barabara ya Wesha mikono mitupu. Jirani aliyekuwa akipalilia muhogo wake akanyanyua kichwa. "Wenda wapi, bi mkubwa?"

"Siendi popote. Natembea."

Jembe lilibaki hewani. "Kwema lakini?"

Nikamwambia kwema, nikasonga mbele. Mwenye bodaboda akasimama, akanisihi nipande bure, na kwa sauti ya huruma akaniuliza kama wanangu wapo hai. Mwanamke mmoja alitoka kwake mbio, mikono imejaa unga, akitaka kujua nani kafa. Nilipofika juu ya kilima nikageuka kurudi nyumbani, na hapo ndipo nilipojimaliza, maana mwenye akili zake haendi nusu ya njia akageuza bila kubisha hodi pahala. Kabla ya Isha habari zilikuwa zimeshavuka bahari hadi Unguja kwa simu: mama yenu anazurura barabarani.

Binti yangu akapiga. "Mama, hapo ulipo unapajua?"

"Nipo jikoni kwangu nakaanga samaki, na weye waniunguzia."

Hakucheka. Akasema shule zikifungwa tu atakuja kunichukua, nikae nao mjini, kule ghorofani kwao. Nitakuwa na chumba changu na televisheni yangu, na sitanyanyua hata kikombe.

Nampenda binti yangu, lakini si ghorofa yake. Kule ghorofani nilishakaa wiki moja. Ukifungua dirisha unaona ndoo za jirani, na kushuka ngazi lazima ushikwe mkono kama bibi harusi. Nilimwona mzee mmoja wa kule, kawekwa kwenye kochi tangu asubuhi, kila apitaye anamwambia apumzike. Sikutaka kupumzika. Nilitaka kubaki kwangu nikijitegemea, na kwa hilo nilihitaji miguu, na miguu ilihitaji pa kwenda.

Ufumbuzi ulinijia nikiwa kwenye mswala, Mungu anisamehe. Mtu anayekwenda kumkagua mgonjwa haulizwi mara mbili. Kazi ikawa kumpata mgonjwa wa kunifaa. Mtaani kwetu walikuwepo, lakini wa karibu karibu mno, hata jasho halinitoki. Nilimpata mzee mmoja ng'ambo ya bonde, ana kikohozi kizuri cha muda mrefu, njia ya kupanda na kushuka. Akapona upesi kwa asali na tangawizi. Nilimpa hongera, lakini moyoni aliniudhi.

Ndipo nikasikia kwamba mke mwenzangu wa Wesha kateleza kisimani, kaumia nyonga, hanyanyuki. Nilisema alhamdulillahi, kisha nikaomba toba. Lakini ule umbali! Vilima viwili na mteremko mrefu hadi karibu na bandari.

Yeye na mimi tulichangia mume mpaka mume akafa. Hatukuwahi kugombana. Tulinuniana kwa adabu, miaka yote, na baada ya kumaliza eda kila mtu akashika lake. Kwa hiyo nilipopiga hodi mlangoni kwake, nimebeba kibakuli cha ndizi za nazi, alinitazama kutoka kitandani kama anayeangalia mdai.

"Weye? Wataka nini?"

"Nimekuja kukukagua."

"Sijafa."

"Naona. Kula basi."

Nikarudi kesho yake, na keshokutwa. Njiani waliniuliza naenda wapi, nikajibu namwendea mke mwenzangu mgonjwa, na watu wakanyamaza kwa heshima. Nilianza kusifiwa. Mwenye bodaboda akataka kunipeleka, nikamwambia thawabu ya mgonjwa iko kwenye miguu, ukipanda chombo inapungua. Aliamini, kwa kuwa kwenye chuo cha Kurani alikuwa mtoro.

Kwa mke mwenzangu nilikuwa nikimkanda nyonga kwa mafuta ya nazi, yeye akinitukana mikono. Tulimsengenya marehemu kwa mapana. Ilidhihirika kwamba kila mmoja aliambiwa mwenzake hajui kupika. Tulicheka mpaka akashika nyonga yake akilia, na siku hiyo nilipanda vilima kurudi kwangu bila kuvihisi. Magoti yalianza kunitii. Daktari akapima, akafurahi, akasema ushauri wake umefanya kazi. Nikamwachia furaha yake.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Mimi nilikuwa napata nguvu, yeye bado yuleyule, anaguna kila nikiingia. Na mimi, tuseme kweli, sikumharakisha.

Shule zikafungwa, binti yangu akatua na begi tupu la nguo zangu. Nikamwambia siwezi kuondoka, nina mgonjwa ananitegemea. Akasema atamwona kwa macho yake. Tukaenda, tena kwa miguu. Yeye alipumzika mara kadhaa njiani. Mimi nilisimama kumsubiri, nikijizuia kusema neno.

Ilikuwa msimu wa karafuu. Uani kwa mke mwenzangu majamvi yalikuwa yametandazwa, karafuu zimeanikwa, nami nikadhani ni kazi ya majirani. Yeye alikuwa kitandani, shuka hadi kidevuni, anaguna kuliko siku zote.

"Shikamoo, mama mdogo," binti yangu akasema. "Unaendeleaje?"

"Marahaba, mwanangu. Naendelea wapi? Mie wa kugeuzwa. Ukimchukua mamako, nani atanipa hata maji? Utakuja kunizika tu."

Aliisema vizuri mno. Binti yangu akainama, macho yakamlowa, nami nikaanza kuona begi likirudi Unguja tupu.

Hapo tone moja la mvua likagonga bati.

Na jingine.

Sijui pengine duniani watu hufanyaje. Pemba, mvua ikidondoka juu ya karafuu zilizoanikwa, hakuna mgonjwa. Shuka iliruka upande wake, mke mwenzangu upande wake, na kabla sijasimama alikuwa ameshapita mlangoni, kanga kiunoni. "Shikeni jamvi! Mwasimama nini?" Nikashika pembe moja, yeye pembe nyingine, tukakunja, tukabeba, tukaingiza varandani, tukarudi kwa la pili. Tulikimbia kama tunaofukuzwa. Binti yangu alibaki uani mvua ikimnyeshea, mdomo wazi.

Karafuu zote zilipokuwa ndani, tulisimama tukihema. Kisha mke mwenzangu akakumbuka. Akashika nyonga, akaguna kidogo. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi.

"Mama," alisema alipoweza kusema, "mimi niliambiwa hujiwezi." Akafuta uso kwa mtandio. "Sikuchukui. Nitakuja nijifunze kwenu."

Alipoingia ndani kutafuta kanga kavu, nikamgeukia yule bibi. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na furaha, sikujua nianze na lipi. "Umepona lini?"

"Zamani."

"Karafuu nani kaanika?"

"Mie. Kila siku asubuhi, kabla hujatoka kwenu. Najua wapita pale kilimani saa ngapi, watoto wa jirani hunambia. Nikisikia waja, najilaza."

"Na mie nakukanda nyonga nzima! Mbona hukunambia?"

Aliokota karafuu zilizodondoka, moja moja, akazitia kiganjani.

"Ningekwambia nimepona," akasema, "ungekuja?"

Nikainama nikamsaidia kuokota.