Kuta za Mama Kona

Kila alasiri, kabla wanafunzi hawajapanda ngazi, Mama Kona alikuwa anapangusa kuta. Ubao anauacha na chaki yake ya jana, lakini kuta lazima. Anaanza na pembe iliyo juu ya kabati, anashuka hadi dirishani, anamalizia nyuma ya mlango, huku anahema na kujisemea, "Haya, na wewe. Haya, na wewe," kama mtu anayeogesha watoto wengi kwa ndoo moja.

Jina hilo walimpa wanafunzi wake. Alifundisha Kiingereza katika chuo cha mdogo wake, vyumba viwili juu ya duka la vioo, na somo lake lilikuwa lile walilolikimbia walimu wenzake: vitenzi vya Kiingereza vinavyotembea na vineno vidogo nyuma yao. Mchukue "look" akiwa peke yake, anatazama tu. Mpe "for", anatafuta kilichopotea. Mpe "after", tayari ni mlezi wa watoto. Ukimwongezea "down on", ameanza dharau. Kinyozi, fundi cherehani, dereva wa lori, watu wazima waliokuja wamechoka na kazi zao, walikariri orodha za maneno hayo na asubuhi hawakumbuki hata moja.

Basi Mama Kona akavipa vineno makazi. "Up" akakaa juu ya kabati. "Off" akapewa dirisha. "After" akapelekwa nyuma ya mlango. Kinyozi akiulizwa kulea, anasimama na "bring" yake, anaipeleka kabatini kwa "up", anarudi kukaa. Hasahau tena.

Halafu kuna habari ya mgeni. "Turn" na "off", wale wa kuzima, hawana wivu, aliwaambia. Ukija na redio, unaweza kuiweka katikati yao au pembeni, wao sawa tu. "Ila mgeni akiwa 'it', huyo ni kitoto kichanga. Hakai pembeni, analazwa katikati."

"Na 'look after', mwalimu?" akauliza fundi cherehani.

"Hao wana wivu mbaya. Hapiti mtu katikati yao."

"Ah! Kama mume wangu wa kwanza!"

Darasa likacheka mpaka mwenye duka la vioo huko chini akagonga dari kwa fimbo.

Lakini kazi ya kupanda na kushuka, dirishani na mlangoni, ilikuwa inammaliza. Miguu ilivimba. Sauti ilikwaruza. Akikaa huvua viatu chini ya meza na kuvitazama kana kwamba si vyake. Asingeacha, hata hivyo. Nyumbani alikuwa mama wa wote na mtumishi wa wote. Ni chumba kile tu alichoweza kukiita chake.

Wanafunzi wakaenda kufanya mtihani wa mazungumzo, kwenye shule kubwa upande wa pili wa mji. Ukipita, unapata cheti cha kuombea kazi. Walirudi mchana uleule, wameshika tama.

"Mwalimu, nimetafuta kabati," kinyozi akasema. "Hakuna kabati! Nikaangalia juu, nikageuka dirishani, dirisha lenyewe liko nyuma yangu. Mtahini ananiuliza, wewe, nani anakusomea huko nje?"

"Mimi nilitazama mlango," fundi cherehani akasema. "Wakaenda kuufungua waone kama kuna mtu."

Wote walifelishwa kwa kuibia. Mama Kona alitaka kucheka, kicheko kikagoma kutoka.

Jioni ile mdogo wake alimkuta bado amekaa darasani. Hakukaa. Aliegemea kabati.

"Dada, wewe ni mkubwa kwangu, sikuvunjii heshima. Lakini mtaani wanasema chuo changu kinafundisha watu kuibia. Mwezi ujao wanarudia mtihani. Wakifeli tena, nafunga."

"Niachie mimi. Nitawahamisha chumba hiki na kile, nitawatoa hadi uani, mpaka wazoee kuzibeba pembe kichwani."

"Hapana. Viti vitazame mbele, wasome karatasi. Hakuna kugeuka. Kama huwezi, nitamleta mtu mwingine."

"Wiki moja tu, mdogo wangu."

"Dada, umechoka. Kila mtu anakuona."

Mdogo wake angemtukana, angemjibu. Lakini hilo lilikuwa kweli. Akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake kabati lilikuwa limehamishiwa ukumbini na viti vimepangwa safu, mgongo wa huyu mbele ya uso wa yule. Wakasoma karatasi kwa pamoja, kwa sauti ya watu wanaosukuma gari bovu. Mama Kona aliketi mbele, kwa mara ya kwanza hana sababu ya kusimama. Miguu yake ilishukuru. Yeye mwenyewe hakuwa na la kushukuru.

"Kufuta mkutano," akamuuliza kinyozi. "Unasemaje?"

"Call..." Kinyozi akakwama. Macho yakaanza kwenda dirishani, taratibu. Kisha akashtuka, akayarudisha chini haraka, akainamisha kichwa kama mtoto aliyezoea kupigwa.

"Samahani, mwalimu."

Mama Kona alimtazama mwanamume yule mzima, mwenye ndevu na watoto wake, anaomba radhi kwa kutazama dirisha.

"Si kosa lako, baba," akamwambia. Akavaa viatu. "Fundi, waongoze wenzako. Nateremka mara moja."

Chini, mwenye duka la vioo alikuwa anafuta kioo kirefu. "Mwalimu, leo mapema!"

"Leo mapema," akasema, akapita.

Juu walimaliza karatasi, wakaianza upya. Mdogo wake akachungulia mlangoni, "Dada yuko wapi?" Fundi cherehani akasema ameteremka, anarudi. Wakasoma tena. Mdogo wake alipotoka kwenda kumtafuta barabarani, hakumwona, na siku zilizofuata darasa lilikuwa na mwalimu mwingine.