Ndege Isiyopata Kuundwa

Nakumbuka Ijumaa moja baada ya swala, mwanangu, barazani kwa baba yangu, mtaani kwetu Darsait. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, najisomesha mwenyewe mambo ya ndege kwa kitabu kimoja kikuukuu. Halwa imeshaliwa, kahawa inazunguka. Nikafungua penye mchoro wa ndege ya abiria ya zama za mwanzo: injini kumi na mbili, vyumba vya kulala ndani ya mbawa, ukumbi wa kulia chakula.

"Hii ilivusha watu bahari," nikasema.

Ami Nasoro, rafiki wa baba, ujanani alikuwa fundi wa injini za ndege. Akaweka kikombe chini. "Hiyo haikuundwa, mwanangu. Ilibaki karatasini."

"Ami, wewe umezoea kukaza skrubu. Ya vitabuni tuachie sisi."

Watu wakacheka. Mmoja akadakia, "Kumbe na hizo ndege zako ulikuwa ukiziota!" Ami akatabasamu, akaaga. Ijumaa ya pili hakuja. Jina likamganda: Fundi Ndoto.

Wiki hiyo ndipo nilipoisoma sura yote. Kabla yake nilisoma maneno ya chini ya picha tu. Mstari wa mwisho ulisema mradi uliachwa, hata bawa moja halikuundwa.

Nikaenda kwake peke yangu, nikambusu kichwa, nikamtaka radhi.

"Nishakusamehe," akasema. "Lakini umenivua nguo barazani, unanivisha chumbani. Nani ataona?"

Nikaahidi kusema Ijumaa. Ijumaa ikafika, baraza imejaa, nikaona haya. Nikaiachia ijayo, na hiyo nayo nikaiacha ipite. Ya tatu nikasimama, kitabu mkononi, nikakiri kwamba Ami Nasoro alisema kweli. Lakini yeye alikuwa keshahamia mji mwingine, Qurayyat, kwa binti yake. Aliyekaa mahali pake, mgeni wa baraza, akauliza, "Nasoro yupi? Yule Fundi Ndoto?"

Mpaka leo swali hilo linaniinamisha uso.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Soma mpaka mwisho kabla ya kumkatiza aliyekutangulia. Na ukimvunjia mtu heshima mbele za watu, mtake radhi mbele ya watu haohao, upesi, naye awepo asikie. Mwenyezi Mungu akujaalie ulimi mwepesi wa kukiri, na uliowakosea akukutanishe nao wangali wamekaa mahali pao.