Kesi ya moshi mbele ya ng'ombe

Jumatano, katikati ya Septemba. Baridi imeuma tangu alfajiri, upepo unashuka kutoka mlimani, na jua limetoka jekundu kama jicho la mtu aliyelala vibaya. Hapa Kijenge, mjini, mlima tuliuona nusu tu. Kuanzia kiunoni kwenda juu ulikuwa moshi mtupu.

Saa moja shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alipiga simu kutoka Momela, ambako anaongoza wageni kupanda mlima. Alisema vichaka vya juu vinaungua na njia ya kileleni imefungwa. Ile ya chini, ya kwenda kibanda cha kwanza cha kulala wageni, askari wa hifadhi wataiamulia kesho, ila imejaa moshi.

Na kesho ndiyo ilikuwa siku yetu. Mama mkwe wangu aliokota kuni chini ya mlima ule tangu akiwa binti, na sasa alitaka alale juu yake usiku mmoja kabla magoti hayajamkatalia. Mwaka mzima amejizoeza kwenye kilima cha kanisani. Lakini kifua chake ni kile kile kilichomlaza wodini wakati wa masika. Kumpeleka kwenye moshi ni kumtafutia kitanda tena. Mtu alipaswa kumwambia leo leo kwamba hatuendi.

"Mwambie wewe," nilimwambia shemeji.

"Mimi? Ataanzia na uchungu alionizaa nao, hatamaliza leo."

Mke wangu naye akasema, "Mimi atasema nimekuwa mwoga tangu niolewe."

Kisha shemeji akasema, taratibu kama anayemshawishi mtoto anywe dawa: "Shem, wewe ni mkwe. Mkwe hagombezwi."

Ni kweli, nisiwaonee. Kwetu mama hamfokei mkwe wake, hawali wakitazamana, na jambo zito hawaambiani uso kwa uso. Mimi ndiye mtu pekee duniani ambaye yule mama hawezi kumtolea maneno. Asubuhi niliona hiyo ni hekima. Sasa naona walinitoa kafara, ingawa ningekuwa wao labda ningefanya hivyo hivyo.

Nikapanda gari mpaka Usa River, nikachukua bodaboda kwenda juu kwake. Nilimkuta bandani anamkatia ng'ombe mgomba. Alikuwa amevaa raba mpya, anasema anazilainisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibu." Alijibu akimtazama ng'ombe.

Nikasimama upande wa pili, ng'ombe katikati yetu, nikaeleza yote huku nikiangalia paa. Mama akaendelea kukata mgomba. Ng'ombe akatafuna. Nikaanza kujipongeza.

Ndipo mama akamgeukia ng'ombe.

"Umesikia wewe? Eti moshi! Nimepikia mafiga miaka hamsini. Moshi wa jikoni kwangu ungefunga milima miwili, na bado nipo." Akampiga kofi la mgongoni. "Umezaliwa juzi, leo unanifundisha moshi?"

Ng'ombe hakuwa na kosa lolote, hilo naliandika ili lijulikane. Lakini nami sikuwa na njia nyingine, nikamwambia ng'ombe: "Jikoni kuna mlango. Ukibanwa unatoka nje unapumua. Mlimani mtu atatokea wapi?"

"Muulize huyo msemaji," mama akamwambia ng'ombe, "moto wenyewe ameuona kwa macho yake?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu mwingine angejibu ndiyo, habari ikaisha. Mimi nikamweleza ng'ombe kwamba moto sijauona, nimeona moshi. Tena kwa kuwa ukweli ni ukweli, njiani nimepita watu wawili wanachoma mabua ya mahindi, kwa hiyo moshi mwingine unaweza kuwa wao. Ni kiasi gani, sijui.

"Si unasikia?" Sauti ya mama ikawa na sukari. "Ni mabua hayo. Kesho tunaenda."

Sijui kwa nini niko hivi. Nikitumwa kutetea upande mmoja, narudi nimeutetea na wa pili.

Kilichoniokoa ni upepo, mimi sikufanya kitu. Ulishuka kwa nguvu na majivu yakaanza kudondoka uani kama manyoya ya kuku. Kijiti kimoja cheusi, chepesi, bado kina umbo la majani yake madogo, kikatua mgongoni kwa ng'ombe. Mama akakiokota, akakisugua kati ya vidole, akakinusa.

"Hili si bua," akamwambia ng'ombe polepole. "Mti huu unaota kule juu kabisa."

Mara kikohozi kikamshika. Alikohoa mpaka akakamata nguzo ya banda, na mimi nimesimama pale sijui kama heshima inaniruhusu kumshika mkono. Nilichota maji, nikaweka kikombe juu ya ukuta, nikageuka. Alikunywa nikiwa nimempa mgongo.

"Mwambie mkwe wangu hatuendi," alisema alipopata pumzi. "Lakini si kwa sababu ya moshi. Ni magoti."

"Nimesikia," nikamwambia ng'ombe. Sikubisha. Magoti nayo ni kweli.

"Na mwambie moshi wa huku utaniua. Nitamwita jirani aje akulishe wewe, mimi naenda Kijenge kwa binti yangu, nikae mpaka mlima ufunguliwe."

Kwangu ni vyumba viwili na sebule, na mama mkwe halali kwa mkwe wake hivi hivi. Lakini nusu saa nzima nilikuwa nikihubiri ubaya wa moshi, na haki ni yake.

Tulipofika mjini shemeji alipiga. "Vipi shem, alikugomba?"

"Hata neno moja."

"Si nilikuambia!" Nikampa habari ya Kijenge. Alicheka mpaka simu ikakatika, au aliikata.

Jioni mke wangu alipika ndizi za nyama. Wao wawili walikula sebuleni, mama kwenye kiti changu. Mimi nilikula jikoni, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mlango umerudishwa. Chumvi ilizidi kidogo, au labda ni mimi tu.