Barua ya Chuo Yenye Muhuri wa Nengo

GISENYI, 1999 – Saa mbili asubuhi, Saidati Murekatete anawaomba wateja wake watulie kidogo. Kompyuta inapiga simu Kigali. Kisanduku kilicho pembeni ya mashine kinapiga mluzi, kinakoroma, kinapiga mluzi tena. Muuza vitenge aliyekuja kuandikiwa karatasi za forodha anatua mzigo wake na kukaa kwenye benchi.

Barua zikishaingia, Saidati anaikata laini haraka na kurudisha mkono wa simu mahali pake. Mzee mmoja anataka kumpigia mdogo wake Goma. Saidati anamwomba radhi, anamwelekeza posta.

Ofisi yake ina laini moja tu. Mashine ikiwa hewani, simu haiwezi kuita, na kwa wiki nzima sasa Saidati anasubiri simu ya ubalozi mmoja wa Kigali. Mapato ya simu yameshuka karibu nusu. Hapa mtaani Nengo kila mtu anajua anachosubiri, na anajua pia nani alisababisha.

"Ni mikono yangu," anasema mwenyewe. "Mi sifichi."

Saidati, mwenye umri wa miaka arobaini na mbili, alizaliwa Goma katika familia ya Kinyarwanda, akajifunza kupiga chapa kwa masista, kisha akafanya kazi Bukavu kwenye kampuni ya kahawa. Alivuka kuja Gisenyi mwaka 1995 na mumewe, watoto watatu, na taipureta iliyofungwa ndani ya godoro. Kompyuta aliinunua mwaka jana, ya mkono wa pili. Ukurasa mmoja ni faranga mia, na barua ya kompyuta, ile inayopita kwenye waya wa simu, ni zaidi kidogo.

Anwani ya kompyuta ni moja, ya Saidati, na nusu ya mtaa inaitumia. Kwa hiyo Saidati anajua nani ameoa Brussels na nani ameachika, na ukimdodosa anakutazama tu.

Nishimwe naye aliitumia anwani hiyo. Ni binti wa kijiji cha Nyakiriba, mtoto pekee wa mkulima wa viazi, mjane aitwaye Kankindi. Alimaliza sekondari akiwa wa kwanza darasani, akaomba nafasi ya kusomea kilimo katika chuo kikuu kimoja cha Ulaya. Barabara za kwao hazikuwa salama mwaka jana, na bahasha zilikuwa zikipotea, ndipo akakiomba chuo kimjibu kwa kompyuta.

Jibu lilikuja mwezi wa saba. Nafasi ipo, na chuo kitamlipia masomo, mradi afike kabla ya mwisho wa Septemba. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine. Barua ya karatasi ingefuata kwa posta. Haijafika mpaka leo.

Saidati anakumbuka alivyopiga vigelegele peke yake mbele ya kioo cha kompyuta. Baadaye aliitazama ile barua, na haikumpendeza. Juu ilikuwa na mistari ya herufi na namba zisizosomeka. Maneno yalikatika ovyo. Chini hapakuwa na sahihi ya kalamu wala muhuri.

Katika nchi hizi zetu, karatasi isiyo na muhuri ni sawa na mtu aliyetoka nyumbani bila kuvaa. Kwa kumpenda yule binti, Saidati akaivalisha. Aliipiga upya yote kwa herufi nzuri, akaitupa ile mistari ya juu, kisha akaweka muhuri wake wa buluu: Secrétariat Public Saidati, Gisenyi.

"Bon, nilizani ninamusaidia," anasema. "Huku kwetu, ukimupelekea mukubwa karatasi bila kashe, hata hakuangalie."

Mkubwa wa ubalozi aliiangalia, tena sana. Alitaka kujua ni tangu lini chuo cha Ulaya kinapiga mihuri Gisenyi. Ombi la viza la Nishimwe liliwekwa kando kwa shaka ya kughushi, na aliambiwa kwamba kosa hilo likithibitika, asirudi tena pale.

Alirudi Gisenyi bila kumlaumu mtu. Saidati anasema hilo lilimuuma kuliko matusi. Alifunga ofisi, wakapanda basi la Kigali pamoja. Alibeba barua ile ile kama ilivyoingia, na mistari yake yote ya ajabu, akamweleza ofisa kila alichofanya, hata rangi ya wino. Ofisa alicheka, kisha akaacha kucheka. Kumbe mistari ile aliyoitupa ndiyo inayoonyesha barua imetoka wapi na lini. Alikubali kukiuliza chuo mwenyewe, na akaahidi kupiga simu.

Siku mwandishi wa makala haya anafika mara ya pili, Nishimwe yuko pale kwenye benchi, mikono mapajani. Septemba inakimbia. Simu inaita kabla ya saa sita. Saidati anasimama kuipokea, anaitikia kwa Kifaransa, "Oui, oui," kisha anashindwa kuendelea na kumpa binti mkono wa simu. Chuo kimethibitisha. Alete pasipoti.

"Tantine, kaa kwanza," Nishimwe anamwambia, maana Saidati ndiye anayelia.

Nishimwe aliondoka zikiwa zimebaki siku chache mwezi uishe. Tangu hapo, kila Ijumaa Kankindi anateremka mjini na viazi vyake, na akishauza anapita Nengo kusomewa barua ya mwanawe, kwa sababu yeye hakupata kusoma. Ya kwanza ilikuwa fupi: amefika, anakula vizuri, baridi si kali. Kankindi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama ndiyo yote. Saidati akamjibu ndiyo yote.

"Lakini siyo yote," anamwambia mwandishi, mama wa watu akishaondoka. "Nilipokuwa Bukavu, mama yangu alibaki Goma, na jirani ndiye alikuwa anamusomea barua zangu. Hata siku moja sikumuandikia kwamba ninalia. Utaandika namna gani, na jirani iko katikati?"

Hivyo ana mpango, na tayari ameuanza. Ijumaa, wateja wakipungua, anavuta kiti cha pili na kumfundisha Kankindi kusoma Kinyarwanda, kwa herufi kubwa anazozichapa mwenyewe. Mjane huyo sasa anasoma jina la binti yake na la kijiji chake. Saidati hatozi kitu, na anajua anajipunguzia mteja.

Anatarajia kufikia Pasaka kazi iwe imekwisha.

"Siku ile atajua kusoma, nitamufungulia mashine, nimuonyeshe pa kuangalia," anasema. "Donc, mi nitatoka inje, nifunge mulango."