Nilimshikisha Mjukuu Wangu Sale kwa Kosa la Kufeli

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na sababu nitajitetea. Nilimpigisha mjukuu wangu magoti mbele ya ukoo mzima, jani la sale mkononi, amwombe baba yake msamaha. Alikuwa amefanya nini? Amefeli mtihani. Basi! Hakuiba, hakutukana mtu. Alifeli.

Jina langu sisemi, na la kwake sisemi. Nimwite Manka. Mimi ni bibi yake mzaa baba, nakaa huku juu Rombo, ukitoka Mkuu unapanda. Nilisoma mpaka darasa la nne nikaolewa, kwa hiyo msitegemee maneno ya kupangwa. Nasema kama ninavyosema jikoni kwangu.

Manka nimemlea mimi tangu alipoachishwa ziwa. Baba yake na mama yake wako Arusha, wana duka la vifaa vya ujenzi, huku wanapanda Krismasi na Pasaka kama watu wote. Mtoto alikuwa na mdomo, huyo! Kila kitu alikipa divisheni. Ng'ombe akitoa maziwa vizuri, "Bibi, huyu leo divisheni wani!" Mtori wangu wa ndizi ukishika chini, anaonja, ananitazama, "Bibi, pole. Hapa nakupa ziro, urudie mwakani." Tunacheka mpaka jirani anachungulia kwenye migomba kuuliza kuna nini.

Na mimi kichwa kikavimba. Kwenye jumuiya, tukimaliza rozari, lazima nimtaje. "Subirini mjukuu wangu awe daktari, mtakuja wote awatibu hayo magoti." Nani aliniambia atakuwa daktari? Hakuna. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kusema.

Matokeo ya kidato cha nne yakatoka. Simu yangu ni ya tochi, haioneshi matokeo. Manka mwenyewe aliyaona kwenye simu ya mwenzake, akaja jikoni, akakaa kwenye kigoda.

"Bibi, nimepata foo."

"Foo ndiyo ngapi?"

"Ya nne."

Mimi nikasikia wa nne! Wa nne shule nzima! Nikatupa mwiko, nikapiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. Mtoto akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka.

"Bibi, nyamaza. Nyamaza, Bibi! Foo ni mbaya. Nimefeli."

Nilinyamaza, lakini vigelegele havirudi mdomoni. Jirani alishafika, kanga moja begani. "Hongereni jamani! Kapata nini?" Nilimwambia ng'ombe amezaa. Ng'ombe mwenyewe anamwona pale, hana hata mimba! Akaondoka anajichekea. Nataka mjue hapo ndipo kiburi changu kilipojeruhiwa. Kilichofuata kilitoka kwenye kidonda hicho.

Jioni mkwe wangu, mama yake Manka, akapiga, analia. "Mama, hata dukani nashindwa kukaa. Wenzetu wanaweka picha za watoto wao kwenye stetasi, na keki wameshakata. Mwanao ametoka kwenye gurupu la wazazi bila kuaga. Mteja akiuliza 'mtoto vipi?' anajifanya anahesabu misumari."

"Mpe simu niongee naye."

Mwanangu akaja kwenye simu. Hakunipa hata shikamoo. "Mama, mwambie asinipigie. Na Pasaka hii mimi siji huko. Siji mpaka ajue alichonifanyia."

Siji! Jamani, huyo ndiye mwanangu wa kiume peke yake. Baba yake amelala pale chini ya migomba. Pasaka ipite kijana hajakanyaga kihamba, shamba la urithi la baba yake, watu watasema nini? Nilisahau kabisa kuna mtoto analia chumbani. Nikawa namlilia mwanangu ambaye hata hajafa.

Binti yangu, shangazi yake Manka, anauza mitumba sokoni Kiboriloni. Alipanda juu aliposikia. Akamkuta Manka amejifunika shuka mchana kweupe, akamvuta mguu. "Wewe, amka! Foo si ukoma." Kisha akanigeukia mimi. "Mama, nipe huyu mtoto. Ana mkono wa cherehani, nimemwona. Akae na mimi kibandani, awapunguzie wateja suruali na magauni. Baada ya muda ni fundi huyo."

Manka akakaa kitandani. Akacheka! Mara ya kwanza tangu matokeo. "Shangazi, kweli?"

Nikasema, "Mjukuu wangu hauzi mitumba."

Binti yangu akaangalia dari, akaangalia kuta. "Mama, mitumba ndiyo iliyonunua bati hili linalokukinga mvua." Akabeba mkoba wake akashuka. Alikuwa na haki ya kunitukana, hakunitukana.

Sasa kwa wasiotoka huku niwaambie sale ni nini. Ni jani refu la kijani, tunalipanda mipakani na makaburini. Mtu akikukosea, akikuletea sale amelipiga fundo, humkatai. Hata kama amekuumiza kiasi gani. Ukilikataa, kosa linahamia kwako, na waliolala chini wanaliona. Padri analijua na halisemi vibaya. Ni kitu kizito. Hakichezewi.

Mimi nilikichezea.

Nilimpigia mwanangu. "Njoo Pasaka. Mtoto atakuletea sale."

Akasema taratibu, "Mama, si lazima tufike huko."

"Wewe njoo."

Alisema si lazima! Nilimsikia kwa masikio yangu haya, nikamfunika na sauti.

Asubuhi ya Pasaka nilikwenda mwenyewe mpakani, nikachuma jani zuri lisilo na doa, nikalifunga fundo. Manka alikuwa anamenya ndizi za kiburu, za kupika na maharage. Nikampa. Hakunyoosha mkono.

"Bibi, sale ni ya mtu aliyekosa."

"Ndiyo."

"Mimi nimemkosea nani? Nimefeli. Mwenye hasara si mimi?"

"Kufeli ndiyo kosa lako."

Hilo ndilo neno. Nimelisema mimi. Na alipoendelea kubisha nikamwambia, "Ukikataa, baba yako hatarudi hapa, na mimi nikifa ujue ni wewe." Ndiyo, nilisema hivyo kwa mtoto wa kidato cha nne mwenye kisu cha ndizi mkononi. Akaosha mikono akalipokea.

Ukoo ulikuwa umekaa uani, ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, imeshakatwa, kata ya pombe ya mbege inazunguka. Manka akapiga magoti mbele ya baba yake. Shemeji yangu mkubwa, ndiye mzee wa ukoo, akaweka kata chini. Kwa desturi kosa lazima litajwe.

"Taja kosa, mjukuu."

Mtoto akaniangalia mimi. Hakumwangalia baba yake, aliniangalia mimi.

"Kufeli," akasema.

Kuna mtu alicheka kule nyuma. Mwanangu uso ulimshuka, akalichukua lile jani upesi kama linamchoma. "Nimesamehe. Inuka, mama. Inuka haraka." Alimwita mama, jina la kumdekeza, na mkwe wangu akaanza kufungua kitenge amfunike mtoto mabega. Ingeishia hapo! Walikuwa wameshapatana! Lakini mimi nikasimama. Mbege ilikuwa imenipanda kidogo, na yule jirani wa vigelegele alikuwepo.

"Na mimi nasema mbele ya sale hii, mtoto huyu atarudia mtihani na atafaulu! Asipofaulu, mjue nimewadanganya wazee."

Wakapiga makofi. Manka hakuinua kichwa.

Akarudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Anasoma peke yake, vitabu vya kuazima, mwalimu wa kulipia. Cherehani ya shangazi yake ikapewa binti mwingine. Matokeo yakaja mwaka huu, mabaya kuliko yale ya kwanza.

Sasa tumebanwa wote kwenye fundo lile. Nimewahi kumwambia mwanangu, "Tumwache, aende kwa shangazi yake." Akanijibu kwa uchungu. "Mama, mimi nilikuwa na hasira ya wiki mbili tu! Baba gani hana hasira ya wiki mbili? Ningekuja mwenyewe na mkate na soda, yangeisha. Wewe ukaleta sale. Ukaapa juu ya sale. Kila nikikutana na mtu wa ukoo ananiuliza, 'Vipi yule wako wa sale?' Nimwambie nini?" Ameshamwandikisha tena. Hataki, mkewe hataki, mtoto hataki. Lakini ameshamwandikisha.

Wa sale! Ndilo jina lake siku hizi. Watoto wa njiani wanamwita hivyo akienda kisimani.

Na Manka mwenyewe? Amekuwa mtiifu mpaka naogopa. "Manka, lete maji." "Ndiyo, Bibi." "Manka, kasome." "Ndiyo, Bibi." Nikimwambia akae kwenye moto nadhani atasema ndiyo, Bibi. Juzi niliunguza mtori, niliunguza makusudi, Mungu ananiona. Nikamwekea mbele. Nikasubiri anipe ziro yangu. Akala wote, akaosha bakuli, akasema asante.

Nililia kule zizini.

Basi nikasema dawa ya moto ni moto. Nikaenda tena mpakani, nikachuma sale, nikapiga fundo, nikamfuata alipokuwa anakata majani ya ng'ombe. Mtu mzima kumpelekea sale mtoto, huku sijawahi kuona. Nilifikiri akiona bibi yake anashuka hivyo, moyo utalainika.

Aliliona jani kabla sijafungua mdomo. Akaweka panga chini.

"Bibi, ni la nani hilo?"

"Lako. Nimekukosea."

Akalitazama. "Ukinipa nitalipokea. Nitafanyaje? Halikataliwi." Sauti haikupanda hata kidogo. "Lakini usinipe, Bibi. Tafadhali. Usinilazimishe tena."

Nimebaki nimesimama na jani langu kama mjinga! Miaka yangu yote sikuwahi kuliwaza hilo. Msamaha ambao mtu hawezi kukunyima, amekupa nini sasa? Mwanangu alisema nimesamehe kwa sababu ukoo ulikuwa unamtazama. Na mimi nilikuwa nimekuja kumkamua mtoto hivyo hivyo, nipate langu nilale usingizi.

Nikalirudisha jani nyuma ya mgongo. Nikajaribu kusema kwa mdomo mtupu. Jamani, ni vigumu! Mimi nimezoea kusema na watu, lakini neno lile lilikwama kama mfupa. Nikasema nisamehe.

Akasema, "Nimesikia, Bibi."

Hakusema nimesamehe. Amesema amesikia.

"Na mtihani?" nikamuuliza. "Ukitaka uache, uache."

"Baba anasema neno ulilisema mbele ya ukoo. Kwa hiyo ni wewe wa kuliondoa, na ni hapo hapo." Akaokota panga, akaendelea kukata majani.

Pasaka ni karibu. Ukoo utakaa uani kwangu kama kawaida. Najua ninachotakiwa kufanya. Nisimame niseme niliwadanganya, niseme kufeli si kosa, mtoto aondolewe kwenye kiapo changu aende Kiboriloni. Shemeji yangu hataki kusikia. Ameshaniambia kwamba anayefungua neno la sale anaita laana nyumbani, na nikithubutu nisitegemee atakuja kunizika. Na jirani atakuwepo, na wale wa jumuiya. Usiku na mchana najaribu kulipanga neno la kwanza, silipati. Kuna saa nasema nitasimama. Kuna saa nasema labda safari hii atafaulu, yataisha yenyewe, sitahitaji kujiaibisha. Mnaona? Bado nataka mtoto alipe ili mimi nisione haya! Ndiyo maana nawaandikia ninyi msionijua, nikishasema hapa labda ulimi utafunguka kule.

Wazazi wenzangu, mababu na mabibi mnaosubiri matokeo. Mtoto akija na foo, au akija na ziro kabisa, kaeni kimya hata siku moja. Hasira ya baba inapita kama mafua, msiikimbilie na dawa kubwa. Aibu ni yenu, imezeni wenyewe, ni chungu lakini haiui. Msimwombeshe mtoto msamaha asiodaiwa. Mimi nilimwombesha. Sasa wa kudaiwa ni mimi, na mwenye haki ya kuninyima yuko pale nje anakata majani, na akininyima amefanya sawa.