Shangazi na Konokono wa Ziwa Kavu

Shangazi yangu alipima konokono waliogeuka mawe kwa miaka thelathini na mmoja. Msicheke. Kule makumbusho walimwita Bi Milimita, naye aliitika.

Konokono hao waliishi, kizazi baada ya kizazi, kwenye ziwa lililokauka zamani mno. Droo ya kwanza ilikuwa ya tabaka la chini kabisa, ya tisini ya tabaka la juu. Kazi yake ilikuwa kubana kila kombe kwa kipimo chenye meno mawili ya chuma na kuandika upana wa mdomo wake. Alianza na droo ya kwanza akiwa kijana, akaenda kwa mpangilio, hakuruka hata moja. Mtu wa utaratibu, hadi anakera.

Namba zake zilionyesha kwamba mwanzoni midomo ilipanuka haraka. Baada ya droo ya arobaini ikaendelea kupanuka, ila polepole. Mkuu wake, Daktari, alifurahi kweli. "Walikimbia, kisha wakatembea," alisema. Ripoti ikaandikwa na jina la shangazi likawekwa juu, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Ulibaki mwezi mmoja astaafu.

Mimi naishi naye. Asubuhi moja nilikuwa namfunga vifungo vya gauni, kama kawaida.

"Hivi ulianza lini kunifunga?" akauliza.

"Mbona miaka kumi na saba sasa, shangazi. Vidole vyako vilipoanza kukakamaa."

Akavitazama vidole vyake. Kisha akasema, "Ole wangu! Nilikuwa droo ya arobaini."

Vidole vikikakamaa, meno ya kipimo hayabani sawasawa, na kadiri vinavyozidi kukakamaa, ndivyo kila mdomo unavyosomeka mpana zaidi kidogo. Angeweza kufunga kinywa. Mimi ningefunga, sioni haya kusema. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa Daktari.

"Mama, yaache hayo. Nani atajua?"

"Mimi."

Basi makombe yakachanganywa, vibandiko vikafunikwa ili mpimaji asijue ni la droo gani, na Daktari akapima upya mwenyewe wiki tatu, uso ameukunja. Ile mbio ya mwanzo ilikuwepo, wazi kabisa. Baada ya droo ya arobaini, hakuna kitu. Hata unywele.

Nilimwonea uchungu shangazi. Yeye aliomba kalamu tu, akaongeza mstari mmoja kwenye ripoti, kwa mkono wake:

"Tangu tabaka la arobaini, konokono hawakubadilika. Aliyebadilika ni mpimaji."